Mfumo Hauko Chini: Uhakiki wa Istilahi za Ulinzi na Upatikanaji wa Mifumo ya Ofisi

Rasimu moja ya mwongozo wa matumizi ya kompyuta, iliyoletwa mezani petu ili lugha yake ikaguliwe, iliagiza katika ukurasa wa nne kwamba ofisi izuie upatikanaji wa taarifa za watumishi. Katika ukurasa wa sita mwongozo huo huo uliagiza kwamba ofisi ihakikishe upatikanaji wa taarifa hizo wakati wote, usiku na mchana. Mfasiri hakuwa mzembe. Lugha aliyoifasiri ilikuwa na maneno mawili, moja la ruhusa ya mtu kuingia na kuzisoma taarifa, na jingine la hali ya taarifa kuwapo na kutumika pindi zinapohitajiwa. Yeye alikuwa na neno moja tu mkononi, akalitumia mara mbili. Mtunza masjala atakayekabidhiwa mwongozo huo atafanya nini? Akitii ukurasa wa nne atakuwa amevunja ukurasa wa sita.

Mfano huu hauko peke yake. Katika miaka hii ambayo shughuli za Serikali zimehamia Dodoma na kuhamia pia ndani ya mitambo, rasimu za namna hiyo hutufikia mara kwa mara, na kasoro zake hufanana kana kwamba zimeandikwa na mkono mmoja. Mamlaka ya Serikali Mtandao iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika mwezi Mei 2023. Juu ya hayo yote, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba neno lililowekwa leo na mfasiri mwenye haraka katika mwongozo wa ofisi laweza kesho kusomwa mbele ya hakimu, na mtumishi akafukuzwa kazi au akaponea chupuchupu kwa sababu yake. Kwa hiyo tumeona ni vema kuzichambua istilahi kadhaa za ulinzi na upatikanaji wa mifumo, zile zinazofaa na zile zinazopotosha.

Wasomaji wetu wa siku nyingi hawatashangaa kwamba uwanja huu una magugu. Tafsiri Sanifu ya kwanza ya Baraza ilitoka mwaka 1974. Mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, baada ya matatizo yaliyoletwa na mashine ya hesabu ya Wizara ya Fedha. Ilhali istilahi za utawala, za benki na za elimu ziliundwa sambamba na kazi zenyewe, zile za kompyuta zilikosa kazi ya kuzilea. Mashine ziliporudi kwa wingi zilikuja na maneno yake, na wataalamu wa Kiswahili wakawa wanakimbilia gari lililokwisha kuondoka. Juhudi hazikukosekana, kwani mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, Jambo OpenOffice. Lakini kazi hizo zilishughulikia zaidi yale ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo: faili, dirisha, chapa, hifadhi. Maneno ya yule anayeulinda mtambo nyuma ya pazia yaliachwa yajitafutie riziki.

Tuanze na neno ambalo limebebeshwa mzigo kuliko punda wa Kondoa, yaani mtandao. Limetokana na kitenzi tandaa, nalo ni zuri mno kwa kitu kilichotandazwa, kama vile mtandao wa barabara au wa mabomba ya maji. Hivi leo, hata hivyo, mtandao ni kampuni ya simu, ni intaneti, ni tovuti, ni mfumo wa malipo, ni uwanja wa gumzo la vijana, na katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni eneo zima linalotendewa jinai kwa njia ya kompyuta. Tumesikiliza kwa makusudi hapa Chang'ombe lugha ya watu wanaoitumia mifumo hii pasipo kuisoma vitabuni, kama vile mawakala wa fedha za simu katika vibanda vyao, vijana mafundi wa kompyuta, na wananchi waliosimama foleni wakingoja namba ya malipo, ambayo mtaani huitwa kontroo namba. Kwa wote hao jambo lo lote likiharibika, jibu ni moja: mtandao unasumbua. Umeme umekatika, mtandao unasumbua. Seva imezimika, mtandao unasumbua. Karani amesahau neno lake la siri, mtandao unasumbua vile vile.

Hatuwalaumu watu wa Chang'ombe. Mwananchi hana wajibu wa kujua ni kiungo kipi cha mnyororo kilichokatika. Twamlaumu afisa anayeandika tangazo la ofisi kwa neno hilo hilo, kwa maana yeye ana wajibu wa kujua na wa kusema. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipopata hitilafu, intaneti ilidhoofika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Siku hiyo ilikuwa haki kusema kwamba mtandao unasumbua. Mwezi Mei 2021, kwa upande mwingine, wateja wa LUKU walishindwa kwa siku kadhaa kununua umeme, na tatizo lilikuwa katika mfumo wa mauzo wenyewe, ilhali intaneti ilikuwa salama salimini. Mambo hayo mawili yana mafundi tofauti, gharama tofauti, na tiba tofauti. Tangazo linaloyaita kwa jina moja humnyima mwananchi hata nafasi ya kujua kama angojee nyumbani au aende ofisi nyingine ya jirani. Pendekezo letu ni kwamba katika maandishi ya ofisi mtandao ubaki kuwa njia ya kupitisha mawasiliano. Chombo kinachofanya kazi yenyewe kiitwe mfumo, mashine inayoubeba mfumo iitwe seva, na faida anayoipata mwananchi iitwe huduma. Seva, twaongeza, ni neno lililokwisha kukaa. Wanaotuandikia wakitaka kihudumu wamechelewa, na hawana hoja ila ya usafi wa damu.

Turudi kwenye upatikanaji. Kuna wafasiri wanaoliona neno hili kuwa hafifu, wakapendekeza uwepo, utumikaji, na hata uhudhurio wa mfumo. Twashauri waache, kwa sababu wananchi wamekwisha kulichagua. Kila mwenye simu amesikia mara nyingi sauti ya bibi yule ikimwambia kwamba namba anayoipiga haipatikani kwa sasa, naye huelewa bila mwalimu: namba ipo, mwenyewe yupo, ila kwa saa hii hawezi kufikiwa. Hiyo ndiyo maana hasa inayotakiwa na wataalamu wa mifumo. Basi mfumo hupatikana au haupatikani, na upatikanaji ni kipimo cha hali hiyo. Dosari inaingia pale ambapo upatikanaji unalazimishwa pia kuwa ruhusa ya mtu kupata. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kitenzi kilichomo humo ni kupata, na mwenye kupata ni mtu. Sarufi yetu imekwisha kutufanyia kazi, kwani mtu hupata, kitu hupatikana. Mwongozo tuliouanza nao ungalisalimika laiti mfasiri angalisema katika ukurasa wa nne kwamba ofisi iwazuie wasiohusika kupata taarifa, akaliacha upatikanaji kwa ajili ya ukurasa wa sita.

Yafaa tuseme kidogo juu ya hesabu yake, maana hapa wafasiri hunakili tarakimu pasipo kuzitafakari. Mikataba ya huduma hutaja upatikanaji wa asilimia 99, na msomaji wa kawaida huona kwamba hilo ni karibu na ukamilifu. Asilimia 1 iliyobaki, kwa mwaka wa siku 365, ni siku 3 na saa zaidi ya 15 za kutopatikana. Asilimia 99.9 huacha saa 8 na dakika kama 46, na asilimia 99.99 huacha dakika 53 hivi. Zaidi ya hayo, siku 3 zaweza kuangukia wakati wa sikukuu, ambapo hapana ajuaye, au zikaangukia siku za mwisho wa mwezi wakati mishahara inalipwa. Mkataba wa Kiswahili usioeleza kama hesabu ni ya saa zote au saa za kazi tu, na kama matengenezo yaliyotangazwa yamo au hayamo, ni mkataba ambao mzabuni ataufasiri kwa faida yake. Mfasiri akikuta mkataba wa namna hiyo hana mamlaka ya kuongeza sharti, lakini ana wajibu wa kumwandikia aliyemtuma na kuuliza.

Mkabala na kupata limekuja neno kufikia, na ufikiaji wake. Limeenea upesi, na katika mambo mengi halina dhara. Ila katika kanuni za ulinzi twalitilia shaka. Rasimu nyingine ilisema ni kosa kwa mtu kuufikia mfumo bila idhini. Katika Kiswahili mtu aweza kufika nyumbani kwa mwenzake, akabisha hodi, akakosa mwenyeji, akarudi. Amefika, na hakuingia. Wakili mwerevu ataisimamisha hoja hiyo mahakamani bila kutoka jasho, kwamba mteja wake aliufikia mfumo hadi mahali panapoulizwa neno la siri, na kufika si kosa la mtu. Kinachokatazwa ni kuingia, na baada ya kuingia ni kusoma, kubadili, kunakili au kufuta. Kiswahili kina vitenzi hivyo vyote tangu zamani. Sheria na kanuni zivitaje kimoja kimoja, badala ya kuvifungia vyote katika furushi moja la ufikiaji.

Wataalamu hutufundisha kwamba ulinzi wa taarifa husimama juu ya mafiga matatu: taarifa zisijulikane na wasiostahili, zisiharibiwe wala kubadilishwa, na zipatikane zinapotakiwa. La kwanza ni usiri, la tatu ni upatikanaji, na hapo hatuna mgogoro. La pili ndilo linalotusikitisha, maana karibu rasimu zote zimeliita uadilifu wa data. Ni dhahiri kwamba mfasiri alifungua kamusi, akaona maana ya kwanza, akaifunga. Uadilifu ni sifa ya mtu mwenye dhamiri. Mhasibu huwa mwadilifu au asiwe, lakini tarakimu alizoziandika haziwezi kula rushwa. Sifa inayozungumziwa ni ile ya kitu kubaki kizima, bila kuongezwa wala kupunguzwa na asiyeruhusiwa. Kwa hiyo twapendekeza uzima wa taarifa. Wapo watakaosema kwamba uzima unanukia hospitali. Hata hivyo mzee anayepokea mzigo wake kituo cha basi huuliza kama umefika mzima, na hakuna anayedhani kuwa mzigo ulikuwa mgonjwa.

Kosa la aina hiyo hiyo, lenye hatari zaidi, ni mtumiaji mwenye upendeleo. Tulipokutana nalo mara ya kwanza tulidhani ni kifungu cha kukemea maafisa wanaowapendelea ndugu zao. La hasha! Lilikuwa linamtaja yule mtumishi aliyepewa mamlaka makubwa ndani ya mfumo kuliko wenzake, awezaye kuwafungulia na kuwafungia wengine. Katika utumishi wa umma upendeleo ni tuhuma. Kumpa mtumishi cheo chenye jina la tuhuma ni kumdhalilisha, na tena ni kuificha maana, kwa sababu msomaji hataelewa ni kwa nini nywila ya mtu huyo ilindwe kuliko za wengine. Aitwe mtumiaji mwenye mamlaka maalumu. Na kanuni iliyo muhimu kuliko zote katika jambo hili, ile inayosema kwamba kila mtu apewe uwezo wa kufanya kazi yake tu wala si zaidi, yaweza kuitwa idhini kadiri ya kazi. Twakiri kwamba tumeiga muundo wa LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ambao kwa maoni yetu ni mojawapo ya majina yaliyoundwa kwa ustadi kabisa katika lugha ya ofisi zetu, kwani fundi na mteja wote wanalielewa na hakuna kati yao anayelitafsiri.

Msimamizi wa mfumo, kwa upande mwingine, ni istilahi nzuri, nayo isiguswe. Baadhi ya programu humwita mtawala. Mtawala hatoi hesabu kwa mtu, ilhali msimamizi huitoa, kama sheria zetu zinavyomtaka msimamizi wa mirathi ailete orodha ya mali mahakamani. Anayeshika funguo za mfumo wa ofisi yumo katika hali hiyo. Mali si yake.

Lipo pia suala la kumjua anayeingia. Kuna hatua mbili ambazo rasimu nyingi zimeziita uthibitishaji zote: hatua ya kuhakikisha kwamba mtu ndiye yule anayedai kuwa, na hatua ya kuamua aruhusiwe kufanya nini. Mtumishi wa umma akisikia uthibitishaji hukumbuka kuthibitishwa kazini, jambo ambalo ni jingine kabisa. Kwa hatua ya kwanza twapendelea uhakiki. Neno hili hakuna mtumishi asiyelijua tangu taarifa ya uhakiki wa vyeti ilipokabidhiwa hapa Dodoma mwezi Aprili 2017, ikiwa na majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Swali lililoulizwa wakati ule, je, cheti hiki ni chako kweli?, ndilo swali ambalo mfumo humwuliza mtu mlangoni. Hatua ya pili ni idhini. Mtu aweza kuhakikiwa barabara na asiwe na idhini ya kufungua jalada fulani, kama vile mgeni aliyeonyesha kitambulisho getini asivyokuwa na haki ya kuingia chumba cha mkurugenzi.

Juu ya nywila tumepokea barua nyingi kuliko juu ya neno lingine lo lote. Walimu wanalalamika kwamba ni geni, kwamba wanafunzi hawalipati katika mazungumzo, na kwamba neno la siri lilikuwa likitosha. Mitaani husemwa paswadi. Kwa muda mrefu tulielekea upande wa walimu. Lakini hoja ya mafundi imetufanya tulitazame upya. Wanasema, na ni kweli, kwamba siri nzuri ya kufungulia mfumo haipasi kuwa neno. Neno lililomo katika kamusi hubahatishwa na mashine kwa muda mfupi mno, na jina la mtoto hubahatishwa hata na jirani. Ukimwambia karani aweke neno la siri, umekwisha kumwelekeza aweke neno, naye atatii: ataweka Neema, au Dodoma, au jina la timu yake ya mpira. Ukimwambia aweke nywila itakubidi umweleze nywila ni nini, na katika kueleza huko utapata nafasi ya kusema kwamba iwe ndefu, ichanganye mambo, wala isifanane na ile anayoitumia mahali pengine. Ugeni wa neno umekuwa faida. Kampuni za fedha za simu, tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, zilifanya busara kusema namba ya siri, kwa kuwa kwao ni namba kweli. Basi namba ya siri ibaki kwenye simu, nywila itumike kwenye mifumo ya ofisi, na neno la siri lipumzishwe.

Tungependa kupita upesi kwenye maneno ambayo yamekwisha kufaulu. Sasisha, kwa maana ya kukifanya kitu kilingane na sasa, ni tunda la mnyambuliko halisi na halihitaji utetezi. Mdukuzi vile vile. Limebeba harufu ya mtu anayechungulia siri za watu, nayo ndiyo hasa kazi yake. Kiraka kimepigwa vita na baadhi ya wakuu wa idara wanaoona aibu kusema kwamba mfumo mpya wa fedha nyingi umetiwa viraka. Aibu hiyo haina msingi, maana tundu lipo, na asiyetia kiraka hutembea na tundu.

Ukuta wa moto, kinyume chake, ulifaulu isivyostahili. Katika lugha ulikotoka, ni ukuta wa jengo uliojengwa ili moto wa chumba kimoja usivuke kwenda cha pili. Katika Kiswahili ukuta wa moto ni ukuta unaowaka. Tumemwuliza mwanafunzi mmoja wa sekondari hapa Chang'ombe kifaa hicho hufanya nini, akajibu kwamba huwachoma wadudu wa kompyuta. Ngome, inayopendekezwa na wengine, ni nafuu, ila nayo yaonyesha kitu kinachozuia vyote, ilhali kifaa hiki kazi yake ni kuchagua. Husimama njiani, humwuliza kila apitaye atokako na aendako, humlinganisha na orodha aliyopewa, kisha humpitisha au humrudisha. Kiswahili kina neno la kale la mtu huyo, nalo ni bawabu. Twashauri bawabu wa mtandao. Bawabu aliyelala, bawabu asiye na orodha, bawabu anayempitisha kila mtu kwa sababu mkuu alisema asisumbuliwe. Mambo yote yanayoharibika katika kifaa hicho yaweza kusimuliwa kwa neno hilo pasipo kumchosha mwanafunzi.

Sasa tufike kwenye istilahi ambayo kukosewa kwake kumeigharimu ofisi moja ya umma, tusiyoona haja ya kuitaja, kazi ya miaka miwili. Mwongozo wake uliagiza kwamba kila idara iwe na nakala rudufu ya majalada yake yote. Karani alitii. Alifungua sehemu ya pili ndani ya kompyuta ile ile, akaiita rudufu, na kila Ijumaa akainakilia humo kazi ya juma zima. Diski ilipokufa, ilikufa na vyote viwili. Karani hakustahili lawama, na aliyemwandikia barua ya karipio hakuusoma mwongozo wake mwenyewe. Nakala, katika ofisi zetu, ni ile iandikwayo chini ya barua kwa ajili ya watu wengine wanaohusika. Rudufu ni kufanya mara mbili, nalo hukaribiana mno na kudurufu, kazi ya mashine ya wino iliyokuwa ikitoa mitihani ya shule. Hapana lo lote katika maneno hayo mawili linalodokeza hatari, wala umbali, wala kesho.

Chelezo, ambalo nalo limeingia katika baadhi ya programu, lina ushairi ndani yake, kwa maana ni kitu kieleacho wakati vingine vimezama. Lakini huko Mwanza chelezo ni mahali meli zinapoundwa na kukarabatiwa, na gazeti likiandika kwamba Serikali imejenga chelezo kipya hatutaki wasomaji wadhani ni ghala la taarifa. Bakapu inasemwa na kila fundi wa hapa Chang'ombe, wala hatuna nguvu ya kuizuia katika maongezi. Kwa maandishi tunapendekeza nakala ya akiba. Akiba ni neno ambalo Mtanzania amezaliwa nalo. Mtu wa nyanda hizi za kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka nayo haina ahadi, hahitaji kufundishwa kwamba nafaka ya akiba haiwekwi katika chungu kinachopikiwa leo. Huwekwa mbali na jiko, mbali na panya na mbali na mkono wa mwenye njaa ndogo. Desturi ya wataalamu yataka nakala 3, katika aina 2 za vyombo, na 1 kati yake iwe nje ya jengo. Mtu akisikia akiba atauliza mwenyewe imewekwa wapi. Atauliza pia kama bado inalika, na hilo ni jambo ambalo miongozo mingi huliacha: nakala isiyopata kujaribiwa kurejeshwa haijulikani kama ni akiba au ni makapi. Kitenzi cha jaribio hilo kiwe kurejesha. Na kituo kilichotengwa ili huduma ziendelee pindi kituo kikuu kikianguka kiitwe kituo cha kurejesha huduma. Jina la kituo cha majanga, tulilolikuta katika rasimu mbili, lingefaa kwa mahali majanga yanakofugwa.

Mashine inayongoja kushika kazi ya mwenzake ni jambo tofauti na nakala, nayo iitwe seva mbadala. Tumeona maneno haya yakichanganywa katika zabuni, hata mwuzaji akaleta mashine ya pili mahali palipotakiwa nakala. Mashine ya pili haiokoi taarifa iliyofutwa kwa makosa, kwa kuwa huifuta nayo papo hapo, kwa utiifu kamili.

Limebaki tangazo lenyewe, lile libandikwalo mlangoni au litumwalo kwa simu. Mfumo uko chini ni tafsiri ya neno kwa neno, na mzee wa kijijini ana haki ya kutazama sakafuni. Kiswahili kina zaidi ya njia moja ya kulisema jambo hili, na kila njia inataja mwenye kutenda au inamficha. Huduma imesimamishwa, maana yake yupo aliyeisimamisha, kwa matengenezo au kwa amri, naye aulizwe itarudi lini. Huduma imekatika, maana yake hakuna aliyekusudia. Taarifa zimepotea ni kauli ya kutendeka inayopendwa mno na maofisini, kana kwamba taarifa zina miguu. Twashauri kwamba matangazo ya matengenezo yaliyopangwa yatumie kusimamishwa, yakitaja saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na kukatika kuachiwe ajali peke yake. Mwongozo uliotenganisha mambo hayo mawili utamwezesha hata mkaguzi kuhesabu saa za upatikanaji kwa haki.

Ili mkaguzi ahesabu, sharti awe na daftari. Mfumo hujiandikia wenyewe nani ameingia, saa ngapi, amefanya nini, na nini kimeharibika. Rasimu zote zimeiita orodha hiyo kumbukumbu za mfumo. Kumbukumbu ni maelezo ya kikao, ni namba ya jalada juu ya barua, ni namba ya malipo ya Serikali, ni uwezo wa mashine kushika mambo, na ni sherehe ya kuwakumbuka waliotangulia. Hatuoni nafasi ya maana nyingine humo. Tunapendekeza batli, neno la mabaharia, yaani kitabu ambamo mambo ya safari ya chombo huandikwa. Tumekwisha kuambiwa kwamba batli ni neno la pwani, na Dodoma iko mbali na bahari. Nahodha pia yuko mbali na Dodoma, na hata hivyo hakuna anayeshindwa kumwelewa nahodha wa timu ya mpira. Neno hili litapelekwa kwenye kamati ya istilahi pamoja na bawabu, uzima wa taarifa na nakala ya akiba. Wasomaji wenye neno jingine, hasa walio katika bandari za Kigoma na Mwanza ambako vyombo husafiri usiku na mchana, wanaombwa watuandikie kabla ya kikao.